Waigizaji wakigoma Marekani, vipindi vidogo vya intaneti vinapata ao vinapoteza?

Tarehe 14 Julai 2023, waigizaji wa filamu na televisheni wa Marekani waliweka kazi chini. Sendika yao, SAG-AFTRA, iko na wanachama karibu 160,000. Waandishi wa filamu walikuwa wamekwisha kugoma tangu tarehe 2 Mei mwaka ule. Vyama hivi viwili kugoma kwa wakati mmoja, haikuwa imeonekana tangu 1960. Mgomo wa waigizaji ulidumu siku 118, mpaka tarehe 9 Novemba.

Mkataba ule ulimaliza mgomo ulipewa mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Na kila mara mkataba wa namna hii unapokaribia kuisha, swali moja linarudi: waigizaji wakigoma tena, vile vipindi vidogo vya YouTube na mitandao mingine, ambavyo havina studio nyuma yao, vitapata faida ao vitaumia?

Wengi wanajibu haraka kwamba vitapata faida: mkubwa akifunga duka, mdogo njo anauza. Kuna ukweli ndani yake, lakini siyo wote. Na ile sehemu inayobaki inatuhusu hata sisi huku, ambako vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia wanapiga michezo ya kuchekesha kwa simu na kuiweka kwenye mtandao.

Waligoma juu ya nini?

Zamani, mwigizaji wa Marekani alilipwa siku ya kazi, kisha akapata tena pesa kidogo kila mara televisheni ilirudilia kipindi chake. Pesa hiyo njo ilikuwa inamlipia nyumba miezi ile hana kazi. Filamu zilipohamia kwenye majukwaa ya intaneti kama Netflix, malipo hayo ya marudio yalishuka sana. Mtu anaweza kuonekana na mamilioni ya watu, lakini hundi inayofika nyumbani haitoshi hata kununua chakula cha wiki.

Tusidanganyike na sura za matajiri wachache. Mwaka 2023, mwanachama wa SAG-AFTRA alipashwa kuingiza dola 26,470 kwa mwaka ili apate bima ya afya ya sendika. Zaidi ya 80% ya wanachama hawakufika hapo.

Jambo la pili lilikuwa akili bandia. Waigizaji waliogopa studio zichukue picha ya mwili na sauti yao siku moja, kisha masini iendelee kuwachezesha miaka na miaka bila kuwauliza wala kuwalipa.

Upande wa pili wa meza ulikuwa AMPTP, chama kinachozungumza kwa jina la studio kubwa: Disney, Netflix, Amazon, Apple, Warner Bros. Discovery na zingine. Jina hili tulishike, juu litatusaidia kuelewa nani alizuiliwa kufanya kazi na nani hakuzuiliwa.

Mfano ambao watu wanapenda kutoa

Wale wanaosema mgomo ni baraka kwa vipindi vya intaneti wanakumbusha mgomo wa waandishi wa tarehe 5 Novemba 2007 mpaka 12 Februari 2008. Wakati ule Joss Whedon, mtu wa televisheni aliyekuwa anajulikana tayari, alipata wazo la kutengeneza mchezo wa nyimbo wa kuonyeshwa kwenye intaneti tu, kwa pesa yake mwenyewe. Ulitoka Julai 2008 kwa jina Dr. Horrible's Sing-Along Blog. Mwaka 2009 ulipata tuzo ya Emmy, ambayo ni tuzo kubwa ya televisheni kule.

Mfano ni wa kweli, lakini tuangalie vizuri. Whedon alikuwa na jina, alikuwa na marafiki waigizaji maarufu, na alikuwa na pesa ya kuanzia. Mgomo ulimpa nafasi, siyo mtaji.

Ndani ya mchezo ule alikuwemo Felicia Day, na kwangu mimi historia yake inafundisha zaidi. Kipindi chake The Guild kilianza YouTube katikati ya 2007, mbele ya mgomo. Pesa ya mwanzo ilipokwisha, watazamaji wenyewe ndio waliochanga ili sehemu zingine zipigwe. Kwa hiyo siyo mgomo uliokijenga. Kilikuwa na watu wake tayari.

Karatasi gani ulisaini?

Watu wengi hawajui kwamba mwanachama wa SAG-AFTRA haruhusiwi kucheza katika kazi yoyote, fasi yoyote ya dunia, kama mwenye kazi hajasaini mkataba na sendika. Hata kama ni kipindi cha dakika tano cha YouTube. Basi kijana wa Los Angeles anayetaka mwigizaji wa sendika katika kipindi chake anapashwa naye kusaini. Sendika iko na mikataba mbalimbali kufuatana na kazi, hata kwa wale wenye bajeti ndogo.

Mwaka 2023, mgomo haukugusa mikataba yote. Uligusa ule wa filamu na tamthilia za televisheni. Matangazo ya biashara yaliendelea, na vipindi vya televisheni vya mchana viliendelea. Kuwa kwenye mgomo ao kutokuwa kulitegemea karatasi uliyosaini, siyo ukubwa wako.

Tuchukue kampuni ya Dropout. Ni kampuni ndogo inayotoa vipindi vya kuchekesha kwenye intaneti, watazamaji wanalipa kila mwezi. Mwanzoni mwa 2020 mwenye mali wa zamani aliacha kuweka pesa, watu zaidi ya mia moja wakapoteza kazi. Sam Reich alichukua kampuni na kuanza upya na watu wachache. Mgomo ulipoanza 2023, Dropout ilitangaza kwamba inasimamisha kazi. Kisha wakasoma mikataba yao vizuri na kukuta kwamba vipindi vyao, ambavyo si tamthilia, viko chini ya mkataba mwingine wa sendika, ambao haukuwa kwenye mgomo. Wakarudilia kazi mbele mgomo haujaisha, bila kumsaliti mtu.

Njia nyingine ilikuwa ruhusa ya muda. Mtengenezaji asiye na uhusiano na AMPTP aliweza kukubali masharti ambayo sendika ilikuwa inadai, kisha akaendelea kupiga filamu yake. Kampuni ya A24 ilipata ruhusa kama hizo. Kwa sendika ilikuwa pia ushahidi: kama mdogo anaweza kulipa vile, mkubwa anashindwa juu ya nini?

Pale wadogo wanaumia

Lakini mgomo unawafikia wadogo kwa njia zingine.

Ya kwanza ni wageni. Wanachama walikatazwa kutangaza filamu za studio zilizogomewa. Vipindi vya mazungumzo vya intaneti vilivyokuwa vinaishi kwa kuita nyota azungumzie filamu yake mpya vilibaki na kiti kitupu.

Ya pili ni pesa ya matangazo. Watu wenye wafuasi wengi kwenye mitandao walikuwa wanalipwa na studio ili wasifu filamu. Sendika iliwaomba wasikubali kazi mpya za namna hiyo. Iliongeza onyo: hata mtu asiye mwanachama, akifanya kazi ya mgomo kwa studio hizo, kesho akitaka kuingia sendika hatapokelewa. Ndugu zetu wengi wa Kivu wamepelekwa Marekani kama wakimbizi, na kuna wanaotengeneza vipindi vya Kiswahili kule. Mwenye ndoto ya kuwa mwigizaji wa sendika siku moja, onyo hilo linamhusu.

Ya tatu ni wafanyakazi wa nyuma: wa kamera, taa, sauti, nguo, chakula. Wengi wanasaidia vipindi vidogo kwa pesa kidogo juu wiki ingine wanalipwa vizuri kwenye filamu kubwa. Kubwa ikisimama, hata ile saa ya kusaidia rafiki inapotea, maana mtu anatafuta kwanza pesa ya nyumba.

Na sisi huku?

Mwishoni waigizaji walipata nyongeza ya mishahara, malipo mapya kwa vipindi vinavyotazamwa sana kwenye majukwaa, na sharti kwamba sura ao sauti ya mtu haitengenezwi na masini bila ruhusa yake na malipo. Wanachama waliopiga kura walikubali kwa 78% mwezi wa Desemba 2023.

Huku kwetu, kifungu cha 39 cha Katiba kinatupa haki ya kugoma. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi na pia za msanii anayecheza. Tangu 2011 kuna SOCODA, shirika la kukusanya haki hizo. Lakini kijana anayecheza mama mkwe ao polisi katika video ya dakika tatu, atagoma mbele ya nani? Bosi wake ni rafiki yake, mwenye simu na mwenye mega. Walianza pamoja, hakuna kilichoandikwa. Siku kampuni inakuja na pesa ya tangazo, mwenye akaunti ndiye anapokea. Mwenzake akikasirika na kuondoka, sura yake inabaki mule ndani na inaendelea kuingiza pesa.

Sipendekezi kwamba kesho tuunde sendika kama ya Hollywood. Waigizaji wa kule walichukua miaka mingi kufika pale, na bado wengi wao hawana bima. Lakini walikuwa na karatasi mkononi. Ndiyo sababu waliweza kusema: hapa mmevunja, hatuendelei.

Kikundi cha watu wanne kinaweza kuanza na ukurasa mmoja wa daftari. Waandike akaunti ni ya nani, na neno la siri linajulikana na nani. Pesa ikiingia, inagawanywa namna gani, baada ya kutoa ya mega na usafiri. Mtu akiondoka, video za zamani zinabaki ao zinatolewa. Kampuni ikitaka sura ao sauti ya mmoja wao kwa kazi ingine, nani anaulizwa. Wote wasaini, mashahidi wawili wasaini, kila mtu abaki na kopi yake.

Hii ifanywe wakati bado wanacheka pamoja. Pesa ikishafika, ni vigumu kumwambia rafiki: tuandike.