Bendi inapanda jukwaani, sheria inafunga baa

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka baa ya kawaida, siku ya kazi, ifunguliwe saa 10 jioni na ifungwe saa 5 usiku. Wikiendi inaongezewa muda. Pita Segerea, Dar es Salaam, Jumanne saa 5 asubuhi: grosari, ambayo kwa leseni yake ni duka la kuuza chupa ukanywee kwako, imepanga viti nje na wateja wameshakaa. Pita tena saa 7 usiku usikie spika zinavyotikisa mabati ya majirani. Mtendaji wa kata anaijua sheria hiyo, askari anaijua, mwenye baa anaijua kuliko wote. Sheria hukumbukwa kiongozi mpya anapotaka aonekane kazini, au mtu anapotafuta cha kumbana mwenye baa. Wiki mbili baadaye mambo ni yale yale.

Wanaoumia zaidi na mchezo huu ni bendi za dansi, na hilo halisemwi.

Bendi zilizoijenga Dar es Salaam zilikuwa na wenyewe. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, Sikinde, ilizaliwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la jiji lililokuwa na kumbi na baa zake. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa. Mwisho wa mwezi mshahara ulitoka, ukumbi ujae usijae. Mfumo huo umekwisha. Leo bendi inategemea zaidi kiingilio cha mlangoni, na mlango wa dansi hapa mjini hauchangamki kabla ya saa 4 usiku. Kwa siku ya kazi, basi, sheria inaiachia bendi saa moja ya kutafuta riziki.

Mwenye baa naye si mjinga. Akileta bendi analeta watu kumi na zaidi, wapiga vyombo, waimbaji na wanenguaji, wote wanahitaji nauli na chakula. Askari wakiingia saa 5 na nusu, hasara yote ni yake. Akimweka DJ, hasara ni flashi moja. Hatusemi saa za baa peke yake ndizo zimeua dansi. Tunasema zimemrahisishia mwenye baa uamuzi.

Bendi nazo zina lao. Tangazo linasema saa 3, wanamuziki wanapanda saa 5. Bonanza za Jumapili zimeonyesha kwamba watu wa Tabata na Segerea wakitangaziwa muziki wa jioni wanakuja, tena na wake na waume zao, wanakula nyama choma na kurudi nyumbani daladala zikiwa bado zipo. Kwa nini iwe Jumapili tu?

Kuhusu kelele tuko upande wa majirani, bila kusitasita. Segerea ni mtaa wa makazi, una zahanati, una shule, una seminari kuu. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilizifungia baa kadhaa, wenye nazo wakapiga kelele zaidi ya spika zao. NEMC ilikuwa sahihi. Lakini kelele hupimwa kwa kifaa, ukutani kwa jirani, si kwa kutazama saa. Baa tulivu ya saa 6 usiku haimsumbui mtu. Spika ya saa 9 alasiri inaweza kumtoa mgonjwa kitandani.

Na asituambie mtu kwamba Serikali haina ubavu wa kusimamia vileo. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mwisho wa viroba, pombe kali za pakiti, ni Machi 1, na havikuchukua muda kupotea vibandani. Sheria ya saa za baa haisimamiwi kwa sababu hakuna aliye tayari kuitetea hadharani, wala aliye tayari kuifuta.

Tunalitaka Bunge liandike upya saa hizo kwa kutazama mahali: barabara kuu na kumbi zilizojengewa kuta za kuzuia sauti zipewe usiku mrefu, katikati ya makazi pafungwe mapema, na hapo kufunga kuwe kufunga kweli. Jiji lisisubiri Bunge. Leseni za vileo huhuishwa kila miezi sita, kwa hiyo wanaozitoa wana nafasi mbili kwa mwaka za kumuuliza kila mwombaji sauti yake inafika wapi, na kutuma mtu wa kupima kabla ya kugonga muhuri. Waanze na maombi yatakayofuata.