UTII SI KUNYAMAZA



Liko neno ambalo husemwa sana mikutanoni, na anayelisema hupigiwa makofi. Husema: askari mwema haulizi, huamriwa, akaenda, na mwanachama mwema ni kama askari. Neno hili lina ukweli ndani yake, maana chama kisicho na nidhamu ni kundi la watu waliokutana sokoni tu. Walakini nusu ya ukweli yaweza kuua, na leo nataka kuonyesha jinsi ilivyopata kuua. Sitachukua mfano wa waoga wala wavivu. Nitachukua mfano wa marubani wa vita wa Japani, watu ambao hata adui zao walikiri kuwa walikuwa mashujaa, na jinsi vita vyao vilivyokwisha mwaka 1945.

Tarehe 15 Agosti 1945, saa sita mchana, watu wa Japani walisikia kwa mara ya kwanza sauti ya Mfalme wao katika redio. Maneno ya Mfalme Hirohito yalikuwa ya kifalme, magumu kwa mtu wa kawaida, lakini maana yake ilikuwa moja: Japani imekubali masharti ya adui, vita vimekwisha.

Jioni ya siku hiyo hiyo, katika uwanja wa ndege wa Oita, kusini mwa nchi ile, Admirali Matome Ugaki alijitayarisha kupanda ndege. Huyu ndiye mkubwa aliyekuwa amewatuma mamia ya vijana kwenda kujigonga na ndege zao juu ya manowari za Marekani. Alikuwa amekwisha bandua alama za cheo chake, na mkononi alishika upanga mfupi aliopewa zamani na marehemu Admirali Yamamoto. Alisema kuwa sasa ni zamu yake. Wasaidizi wake walimsihi asiende. Hakusikia.

Kama angalikwenda peke yake, pengine tungalinyamaza, tukasema kila mtu na deni lake. Lakini hakwenda peke yake. Alikuwa ameagiza ndege 5, akakuta uwanjani zimepangwa 11, na vijana wake wote wakainua mikono kwamba watafuatana naye. Akawakubalia. Ndege 11 zikapaa. 3 zikarudi kwa ubovu wa mashine. Zilizobaki hazikurudi, wala hapana manowari hata moja waliyoizamisha. Vijana zaidi ya 10 walikufa baada ya vita kwisha.

Wako watakaosema: “Waliinua mikono wenyewe.” Naam, waliinua. Lakini nani aliyewafundisha kuinua mikono? Na kazi ya kiongozi ilikuwa nini saa ile? Mikono ya vijana ilipoinuliwa, kazi ya mkubwa ilikuwa kuwaambia: “Ishusheni. Nendeni kwa mama zenu. Nchi itawahitaji kesho.” Neno hilo ndilo lililokosekana Oita.

Mambo hayaharibiki kwa siku moja. Japani ilipoingia vitani na Marekani mwezi wa Desemba 1941, marubani wake wa majini walikuwa miongoni mwa walio hodari kabisa duniani. Walichaguliwa wachache, wakafundishwa kwa ukali na kwa muda mrefu. Ndege yao iliyoitwa Zero ilikuwa nyepesi, yenye kugeuka upesi na kwenda mbali. Lakini wepesi ule ulinunuliwa kwa roho ya rubani: haikuwa na chuma cha kumkinga mgongoni, na matangi yake ya petroli yalishika moto upesi yakipigwa risasi.

Rubani hodari alikubali hatari hiyo. Msikilizeni Saburo Sakai. Mwezi wa Agosti 1942, hewani juu ya Guadalcanal, alipigwa risasi ya kichwa. Jicho moja likapofuka, damu ikamfunika uso. Akarusha ndege yake karibu saa tano, zaidi ya kilomita 1,000 juu ya bahari, mpaka akatua Rabaul. Huyo hakuogopa kufa, lakini alitumia nguvu zake zote kurudi. Ndivyo rubani aonavyo hatari: hujitia hatarini leo ili apate kurudi na kufanya kazi tena kesho. Hatari ni kitu kimoja, na kutupwa ni kitu kingine.

Wakubwa hawakuiona tofauti hiyo. Wamarekani waliwatoa marubani wao wenye ujuzi vitani, wakawarudisha kwao kuwafundisha wanafunzi. Wajapani waliwaacha mabingwa wao mstari wa mbele mpaka wakafa mmoja mmoja, na ujuzi wao ukafa pamoja nao. Kwa hiyo mwaka 1944 waliorushwa vitani walikuwa vijana waliojua kupaa na kutua, na baadhi yao hata kutua kuliwashinda. Mwezi wa Juni mwaka huo, katika mapigano ya bahari ya Ufilipino, Japani ilipoteza mamia ya ndege kwa siku mbili tu.

Baya zaidi ni kwamba ukweli nao ulikuwa umekufa. Mwezi wa Oktoba 1944 yalipiganwa mapigano ya ndege karibu na kisiwa cha Taiwan, kilichoitwa Formosa zamani hizo. Vijana wale wasio na ujuzi waliona moto na moshi usiku, wakarudi kusema kuwa wamezizamisha manowari za adui. Mara nyingi moto ule ulikuwa wa ndege za wenzao zinazoungua. Makao makuu yakatangaza kuwa manowari 11 za kubebea ndege zimezama. Nchi nzima ikashangilia. Kumbe hata moja haikuzama! Wakubwa wa majini walipogundua kosa, hawakuwaambia wenzao wa jeshi la nchi kavu. Nao hao, wakiamini kuwa adui amevunjika, wakapeleka askari wao kisiwa cha Leyte, na huko wakafa maelfu kwa maelfu. Uwongo ulioanza kwa kijana mmoja aliyetaka kumfurahisha mkubwa wake ulikwisha kwa makaburi ya watu wasiohesabika.

Katika mwezi huo huo ndipo Admirali Takijiro Onishi alipofika Ufilipino na shauri lake: kwa kuwa vijana hawajui tena kulenga mabomu, basi ndege yenyewe iwe bomu. Hao ndio walioitwa kamikaze. Aliyechaguliwa kuwaongoza wa kwanza ni Luteni Yukio Seki, mwenye umri wa miaka 23, aliyeoa karibuni. Huyu alijua kulenga. Alimwambia mwandishi mmoja wa habari kuwa nchi inayolazimika kuwaua marubani wake walio bora haina la kutumainia mbele, na kwamba yeye angeweza kuipiga manowari kwa bomu kisha akarudi salama. Hata hivyo alikwenda. Tarehe 25 Oktoba 1944 kikosi chake kiliizamisha manowari ya Marekani iliyoitwa St. Lo, naye akafa.

Tazameni, ndugu zangu. Aliyeijua kazi alisema ukweli, lakini alimwambia mwandishi wa gazeti, si mkubwa wake. Na manowari ile moja iliyozama ikawafumba wakubwa macho kabisa. Kabla vita havijaisha, marubani wa Kijapani zaidi ya 3,000 walikuwa wamekufa kwa njia hiyo, na wengi wao walikuwa wanafunzi waliotolewa vyuoni.

Je, hapakuwa na mtu wa kusema mbele ya wakubwa? Alikuwapo. Mwezi wa Februari 1945 uliitishwa mkutano wa wakuu, na shauri lililoletwa lilikuwa kwamba hata ndege za kufundishia wanafunzi zitumiwe kwa kujigonga. Ndege hizo zilikuwa za polepole mno. Alisimama afisa wa miaka 29, Tadashi Minobe, ambaye cheo chake kilikuwa chini ya vyeo vya wengi waliokuwa pale. Akasema kuwa wenyeji wa mashauri yale wapande wao wenyewe ndege zile za wanafunzi na waje kushambulia, naye kwa Zero moja tu atawaangusha wote. Na kweli kila aliyepata kushika usukani wa ndege alijua kuwa asemavyo ndivyo.

Minobe hakuwa mwoga wala mpinga vita. Aliwafundisha watu wake kushambulia usiku, wakaenda Okinawa mara kwa mara, na wengi wao hawakurudi. Alikuwa tayari kuwatuma watu kwenye hatari iliyo na maana, lakini alikataa kuwatupa. Kikosi chake hakikutiwa katika kamikaze, wala yeye hakuuawa kwa kusema kwake. Baada ya vita aliitumikia tena nchi yake katika jeshi la anga, akafa mzee mwaka 1997. Wangapi katika chumba kile walifikiri kama yeye wakanyamaza? Kama wangalisimama 10, mambo yangalikuwaje?

Pengine msomaji atauliza: haya ya Wajapani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Wazee wetu wa KAR walipigana na Wajapani hao hao katika misitu ya Burma mwaka 1944. Na mwezi wa Februari mwaka huo meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikienda Colombo, ilizamishwa na sabmarini ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi walikuwa askari wa Afrika Mashariki. Hao wetu hakuna aliyewauliza kama walivitaka vita vile. Kwa hiyo siandiki kuwasifu waliowaua ndugu zetu. Naandika kwa sababu twajua vizuri maana ya mtu kuhesabiwa kama gunia: magunia mangapi yamepakiwa, mangapi yamepotea.

Sasa tutazame mwisho wa vita, maana hapo ndipo kiongozi apimwapo. Kuanza vita ni rahisi. Ngoma hupigwa na watu hucheza. Kuvimaliza ukiwa umeshindwa kwataka moyo mkubwa kuliko ule wa vitani. Siku mbili tu kabla ya tangazo la Mfalme, Hiroshima na Nagasaki zikiwa zimekwisha kuteketea, Onishi alikuwa akiwasihi wakubwa wa Tokyo kuwa Japani ikiwa tayari kutoa roho milioni 20 itashinda. Milioni 20! Tarehe 16 Agosti alijiua kwa upanga. Katika barua aliyoiacha aliziomba radhi roho za marubani aliowatuma na jamaa zao, akawasihi vijana waliobaki waijenge nchi na kuitafutia dunia amani. Majuto ni mjukuu. Radhi ile ingalikuwa na faida gani kama ingaliombwa mwezi wa Oktoba, Seki angali hai!

Uwanja wa Atsugi, karibu na Tokyo, palikuwa na marubani walioapa kuwa hawatasalimu amri. Mkubwa wao, Kapteni Yasuna Kozono, aliamuru karatasi za kuwachochea watu zimwagwe kutoka angani. Walakini safari hii waliosema “basi” walishinda. Mapanga ya mbele ya ndege yalifunguliwa ili zisiweze kuruka. Tarehe 30 Agosti 1945 Jemadari MacArthur alitua kwenye uwanja huo huo, wala risasi haikulia. Marubani wale waliozuiwa walirudi makwao, wakaoa, wakazaa, na Japani waliyoijenga wao na wenzao mnaijua.

Basi nasema hivi. Utii ni kuitumikia nchi, si kumfurahisha mkubwa. Mwanachama akiona hesabu imekosewa, na yeye ndiye aijuaye kazi, kunyamaza kwake si nidhamu. Ni kumwibia kiongozi wake macho. Na asiseme sokoni wala kwa mwandishi wa gazeti, kama alivyofanya Seki. Asimame mkutanoni kama Minobe. Kiongozi naye ajiulize maswali mawili kila atakapowataka watu wajitolee. La kwanza: je, mimi mwenyewe ningepanda ndege hii? La pili, ambalo Ugaki hakujiuliza: hata kama niko tayari kuipanda, je, nina haki gani ya kuwachukua hawa?

Chama kinachomwogopa Minobe wake kitampata Ugaki. Na siku hiyo ikifika, vijana watainua mikono yao wote, kama walivyoinua Oita, na hapatakuwapo mtu wa kuwaambia waishushe.