Yafaa Serikali Iwasaidie Wataalamu Vijana

Wengi wetu katika darasa la mwisho tunasoma fizikia, kemia na hesabu. Twaambiwa kila siku kwamba Uganda yataka wataalamu, na maneno hayo ni kweli. Lakini tukiisha pata shahada, tutafanya kazi kwa vyombo gani?

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine waligoma, kwa kuwa wao hawakuongezwa. Kuwalipa walimu vizuri ni jambo jema. Walakini mshahara ni kitu kimoja, na fedha za kufanyia majaribio ni kitu kingine. Mhandisi asiye na karakana ni kama mkulima asiye na jembe.

Tazameni mfano wa Makerere. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa chuo hicho waliendesha motokaa ya umeme waliyoiunda wenyewe, yenye viti viwili, jina lake Kiira EV. Serikali iliwapa fedha. Mwaka 2016 kampuni iliyotokana na kazi hiyo, Kiira Motors, ilionyesha basi la Kayoola la abiria 35, lenye kutumia umeme na nguvu za jua. Akili ilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezwa ni vyombo na muda.

Wengine husema, "Hospitali zakosa dawa, mbona fedha zitupwe katika majaribio?" Swali hilo ni la haki. Lakini tukikosa wataalamu wetu, tutanunua dawa na mitambo ng'ambo siku zote, kwa bei waitakayo wauzaji. Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliazimia kila moja itoe asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sisi hatujafika hapo.

Kwa hiyo naona yafaa Serikali itenge fungu kila mwaka kwa vijana waliotoka chuoni karibuni, lisigawanywe kwa kujuana. Mwombaji aeleze kazi yake mbele ya wataalamu, na mwisho wa mwaka atoe hesabu ya kila shilingi. Ambaye jaribio lake halikufaulu asilaumiwe, maana hilo nalo hufundisha. Aliyekula fedha azirudishe.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Asipotunzwa, atakwenda kucheza kwa watu, nao watamtunza.

Mwanafunzi wa S. 6