Usione haya kumsemesha mwanao kwa sauti ya kitoto

Baba akimpakata mwanawe wa miezi minne na kulegeza sauti, “Nani huyuuu? Mtoto wa naniii?”, wapo watakaomcheka. Wengine watasema anajichosha bure, mtoto mchanga hajui kitu.

Anajua. Masikioni mwake maneno ya watu wazima hufika yameshikana. Hatambui “maji” yanaishia wapi na “yako” inaanzia wapi. Sauti ya juu kidogo, ya polepole, yenye irabu zilizovutwa, humsaidia kuyatenganisha. Mwaka 1997 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walilinganisha akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden. Kote huko, mama alipozungumza na mwanawe alizitamka a, i na u kwa uwazi zaidi kuliko alipozungumza na mtu mzima.

Hapa wazazi wengi huchanganya mambo. Kinachosaidia ni mwimbo wa sauti, si kuharibu maneno. Kuigiza kithembe na kuita maji “mayi” kunachekesha tu, hakumfundishi. (“Nyonyo” na “dede” hayana shida, ni maneno kamili ya malezi.) Sema “maaaji” ukimwonyesha kikombe, kisha nyamaza umtazame. Akiguna au akirusha miguu, hilo ndilo jibu lake, mjibu.

Huko Seattle, Marekani, baadhi ya wazazi walielekezwa kufanya hivyo tangu watoto wakiwa na miezi 6. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: walipofika miezi 18, watoto hao walikuwa na maneno kama 100, wenzao kama 60.

Na simu je? Mwaka 2003 Kuhl alitoa utafiti wa watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina mara 12. Waliokaa na mtu ana kwa ana walizitambua sauti za lugha hiyo. Waliotazama video, au kusikia sauti tu, hawakuambulia kitu. Katuni haimsubiri mtoto ajibu.

Anayeshinda na mtoto, awe bibi au dada wa kazi, naye aelezwe. Kuogesha na kubadili nepi vinatosha kuwa muda wa maongezi.

Ila mtoto asiyegeukia sauti, au aliyefikisha mwaka bila hata “ba-ba-ba”, apelekwe kliniki akapimwe masikio.