Sufuria Isiyo na Kifungu

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania ana ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazoshuka shuleni. Zigawe kwa siku 194 za masomo: hazifiki shilingi 31 kwa siku. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, mpira na misumari ya kukongomea dawati lililolegea. Chakula hamna, na hakikusahaulika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, ulikuja na utaratibu uliokiweka chakula cha mwanafunzi wa kutwa upande wa mzazi, pamoja na sare na madaftari.

Kiwango chenyewe ni cha zamani. Kilipangwa chini ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, kikiwa sawa na dola 10 za Marekani wakati dola moja ikikaribia shilingi 1,000. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule leo ana mtoto wake darasani, na mtoto huyo anapewa 10,000 ileile.

Nisionekane mchoyo wa sifa. Kabla ya Waraka ule ruzuku ilipita halmashauri, na njiani ilikonda. Baada yake fedha zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule, zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi mwaka 2016. Hayo ni mageuzi ya kweli, na madarasa yaliyofurika yalithibitisha ni watoto wangapi walikuwa wamezuiwa na ada. Ila mtoto aliyefurika darasani alikuja na tumbo lake.

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Mzazi mwenye moyo wa kuchangia ampelekee mkurugenzi wa halmashauri. Kilio cha wazazi kilikuwa cha haki, maana michango ilikuwa imegeuka ada kwa jina jingine. Lakini mwalimu mkuu gani angethubutu kuitisha debe la mahindi baada ya hapo? Baadaye mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni ukalirudisha suala kwa wazazi na jamii, kwa makubaliano na kwa hiari.

Hiari ni neno zuri mpaka ulione likifanya kazi saa sita na nusu mchana. Waliochanga wanapanga foleni na bakuli zao. Wasiochanga wanaambiwa wakacheze. Hairuhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango, sawa, ila hakuna anayelazimika kumpakulia. Kwa hiyo anabaki shuleni, kihalali kabisa, akinusa makande ya wenzake. Mzigo wa kodi tunajaribu kuupima kwa kipato cha mtu. Mzigo huu tumeupima kwa kilo za mahindi, kilo zilezile kwa mwenye ekari ishirini na kwa mjane anayelima vibarua.

Kuna pia jambo la kalenda ambalo wapangaji wa bajeti hawalizungumzii sana. Dodoma na Singida, kwenye msimu mmoja wa mvua, mavuno huanza Mei au Juni. Mwaka wa masomo huanza Januari. Maana yake tunamwomba mzazi mahindi katika miezi ambayo ghala lake limebaki vumbi, na mtoto anakosa uji wa shule majira yaleyale anayoukosa nyumbani. Machi ndiyo yenye njaa, na Machi ndiyo hiari hukauka.

Mwaka wa fedha wa serikali, kinyume chake, huanza Julai, mahindi yakiwa mengi na bei ikiwa chini. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula tayari hununua mahindi Ruvuma, Rukwa na Songwe, na wakulima wa huko hawaishi kulalamika kwamba soko halitoshi. Shule zenye njaa na wakulima wasio na soko wako nchi moja. Brazil iliwaunganisha kwa sheria ya mwaka 2009: angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zilitakiwa kununua mazao ya wakulima wa familia.

Gharama je, serikali ikiweka kifungu cha chakula cha shule katika bajeti? Tukadirie shilingi 500 kwa sahani, watoto milioni 10, siku 194: shilingi bilioni 970. Ni fedha nyingi, na anayesema ni kidogo hajawahi kuandaa bajeti hata ya harusi. Lakini bajeti ya taifa ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49, sahani hizo zote hazifiki asilimia 2 yake. Na si lazima kuanza na zote. Uji kwa madarasa ya awali hadi la pili, katika mikoa ya msimu mmoja, ungetosha kuanzia.

Pingamizi ninaloliheshimu dhidi ya kifungu hicho linatoka Kenya. Kule mgao wa mwanafunzi wa sekondari umeandikwa, shilingi 22,244 za Kenya kwa mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kuutoa wote. Kwa hiyo tarakimu iliyoandikwa haishibishi mtu. Kweli. Hata hivyo Wakenya walijua ni kiasi gani kimepungua, wakamuuliza waziri mbele ya kamati. Mzazi wa Singida amuulize nani kuhusu hiari iliyopungua? Kenya hiyohiyo, jijini Nairobi, tangu 2023 mzazi analipa shilingi 5 kwa mlo na kaunti inaongezea. Mzazi bado anachangia, ila sehemu yake inajulikana, nayo ni ndogo.

Huku kwetu serikali imekwisha kuingia jikoni kwa mlango mwingine. Imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, agizo jema kwa misitu na kwa mapafu ya wapishi. Shule ya watoto 700 inahusika. Kamati ya shule sasa itafute jiko la gesi na mtungi wake, kwa hiari ya wazazi walewale, pamoja na posho ya yule mama anayefika saa kumi na moja alfajiri kuchambua maharage, ambaye hayumo katika ikama yoyote.