Mshipa Upi? Deni Letu kwa Wagonjwa

Neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mzito. Hutaja njia ya damu, hutaja neva, na kwa wengine hutaja hata ngiri. Barazani utata huu haudhuru. Mbele ya daktari, waweza kumgharimu kijana mguu wake.

Ugonjwa wa ateri za mguu hudhaniwa kuwa wa wazee. Hata hivyo, vijana nao huupata. Upo ugonjwa wa Buerger, ulioitwa kwa jina la Leo Buerger aliyeueleza mwaka 1908, ambao huwashika hasa watumiaji wa tumbaku walio chini ya umri wa miaka 50. Ipo pia hali ambapo msuli wa shavu la mguu huibana ateri iliyo nyuma ya goti. Wanariadha ni miongoni mwa waathiriwa.

Picha ndizo hufichua siri hiyo. Ultrasaundi ya Doppler hupima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Lakini ateri inayobanwa na msuli huweza kuonekana nzima mgonjwa akiwa ametulia. Sharti aukunje wayo kwa nguvu ndipo kizuizi kijitokeze. Angiografia nayo, katika ugonjwa wa Buerger, huonyesha ateri ndogo zilizoziba na vijishipa vilivyojisokota kuzizunguka.

Je, nani huagiza picha hizo? Ni daktari aliyeelewa maelezo ya mgonjwa. Kijana anayesema "mshipa unanivuta" huenda akapewa dawa ya kuchua, akarudi nyumbani.

Wapo wanaodai kuwa tiba husomwa kwa Kiingereza, hivyo istilahi za Kiswahili ni anasa. Hoja hii inamsahau mgonjwa, ambaye hakusomea udaktari. Anayeugua ugonjwa wa Buerger lazima aelewe kuwa asipoacha tumbaku kabisa, mguu u hatarini. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Maneno "ateri", "vena" na "neva" tunayo. Tusiridhike kuyahifadhi kamusini. Tushirikiane na wanafunzi wa udaktari kutunga mwongozo mfupi wa maswali: Maumivu huanza ukitembea? Hutulia ukisimama? Unatumia tumbaku? Isimu isiyomfikia mgonjwa ni taa iliyofunikwa pishi.