Uchambuzi: Mitambo ya haidrojeni itastahimili umeme wa Kisangani?

KISANGANI – Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inauza kobalti yake nje kwa mgawo, baada ya kusimamisha mauzo hayo kwa karibu miezi minane. Kiwango kilichowekwa kwa mwaka 2026 na pia 2027 ni tani 96,600. Mjadala umehusu zaidi bei na betri za magari. Hata hivyo, kobalti ina kazi nyingine isiyotajwa sana: kulinda vyuma vya mitambo inayozalisha haidrojeni kwa joto kali.

Haidrojeni inaweza kupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa nguvu ya umeme. Katika mitambo ya joto kali, maji hugeuzwa kwanza kuwa mvuke wa nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi. Kwa kuwa joto hubeba sehemu ya kazi, umeme unaohitajika hupungua. Tatizo ni kwamba mvuke na oksijeni katika joto hilo hula chuma.

Hata chuma kisichoshika kutu hakisalimiki. Kinga yake ni utando mwembamba unaotokana na kromi iliyomo ndani yake. Penye joto na mvuke, kromi hiyo hupeperuka kidogo kidogo, hutua kwenye sehemu nyeti za mtambo na kupunguza uwezo wake. Dawa mojawapo ni kukipaka chuma hicho mchanganyiko wa manganizi na kobalti.

Ubora wa dawa hiyo hupimwa kwa subira. Kipande cha chuma hupimwa uzito, huwekwa katika tanuri lenye mvuke kwa mamia au maelfu ya saa, kisha hupimwa tena. Uzito ukiongezeka, utando unakua. Ukipungua, utando unabanduka au unapeperuka.

Hapo ndipo hali ya Kisangani inapoingia. Jiji hili linategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa enzi za ukoloni, ambacho uwezo wake haufiki megawati 20. Wakazi wamezoea umeme kukatika. Kwa mtambo wa nyuzi 800, kukatika huko si usumbufu tu. Chuma na utando wake havinywei kwa kiwango kimoja vinapopoa, kwa hiyo utando hupasuka. Umeme ukirudi, kutu huanza upya mahali palipobaki wazi.

Kwa hiyo, chuma kilichofaulu mahali ambapo umeme haukatiki hakijathibitishwa bado kwa mazingira kama yetu. Kipimo tunachokihitaji ni cha kupasha na kupoza mara nyingi. Kipimo hicho kinajulikana na wataalamu, ila mnunuzi asipokidai anaweza kupewa matokeo ya joto lisilobadilika peke yake.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2021, kampuni ya Fortescue ya Australia ilitangaza nia ya kutumia umeme wa Grand Inga kuzalisha haidrojeni. Bwawa hilo halijajengwa hadi leo, lakini mipango ya aina hiyo inaweza kurudi. Ikirudi, serikali iulize mapema: mtambo utastahimili kuzimwa na kuwashwa mara ngapi kabla vyuma vyake havijabadilishwa, na nani atalipa?

Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kingeweza kushiriki kutafuta jibu. Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda: tanuri dogo, mizani nyeti, hadubini na jenereta ya akiba vinatosha kuanza kuwafundisha vijana. Nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko nyingine yoyote duniani isisubiri kuambiwa na wauzaji iwapo kobalti hiyo imefanya kazi yake. Kabla ya umeme wa kutengeneza haidrojeni, bila shaka, wakazi wa Tshopo wanadai kwanza umeme wa kuwasha taa.